Kimweri Yupi? Majina Yanayofanana na Utafutaji wa Mababu Usambara

Stakabadhi ya kodi ya mwaka 1938 yenye jina "Rajabu Omari" inaweza kumthibitisha babu wa familia mbili kwa wakati mmoja. Mfano huu ni wa kubuni, lakini mtendaji wa kijiji chochote cha Soni, Bumbuli au Mlalo atauelewa bila kufafanuliwa. Familia ya kwanza inaitoa stakabadhi kuonyesha kwamba babu yao alikuwa mkazi wa kitongoji hicho tangu enzi za Mwingereza. Familia ya pili inasema huyo aliyelipa kodi ni babu yao wao, na kwamba Rajabu wa wale wengine alipanda mlimani baadaye akitokea Korogwe. Karatasi ni halali, mhuri ni halali, mwandiko unasomeka. Kinachogomba ni kwamba Rajabu Omari walikuwa wawili, pengine watatu, na karani hakuona haja ya kuwatofautisha.

Zamani jambo hili lilimalizwa na watu waliowajua akina Rajabu wote. Leo mambo yamebadilika kwa pande tatu. Vitambulisho vya NIDA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2008, vinataka jina la mtu, la baba na la babu au ukoo, na kila ofisi inataka majina hayo yalingane na yaliyo kwenye cheti cha shule, benki na hati ya shamba. Hatimiliki za kimila zinazotolewa chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 zimelazimisha koo kuandika kile ambacho awali kilijulikana tu. Na tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, mabaraza ya kata yanasuluhisha migogoro ya ardhi bila kuiamua, kwa hiyo usuluhishi ukishindikana shauri linapelekwa kwenye baraza la wilaya, mbele ya mwenyekiti asiyemjua Rajabu hata mmoja. Karatasi imetwishwa mzigo uliokuwa wa majirani.

Kuna pia kundi la pili, tulivu zaidi: vijana wa Dar es Salaam, Tanga na ughaibuni wanaochora miti ya ukoo na kutaka kufika kwa mfalme Kimweri, ikiwezekana kwa Mbegha mwenyewe, mwanzilishi wa nasaba ya kifalme ya Wakilindi. Hawa hawagombanii shamba. Hata hivyo wanakwama pale pale wanapokwama wale wa mashamba.

Majina yanavyozaliana

Chanzo cha kwanza ni heshima. Mjukuu hubeba jina la babu, desturi iliyoenea Usambara kama ilivyoenea pwani na sehemu nyingi za nchi. Matokeo yake jina huruka kizazi na kurudi: Omari anamzaa Rajabu, Rajabu anamzaa Omari, Omari anamzaa Rajabu. Mzee akiwa na wana watatu wanaompenda, kila mmoja atamtunuku mtoto wake jina la babu. Hapo kijiji kinapata binamu watatu wa rika moja: Rajabu Hassani Rajabu, Rajabu Shabani Rajabu na Rajabu Omari Rajabu. Kinachowatenganisha ni jina la kati tu. Mwalimu au karani akiliacha la kati, kama walivyozoea kufanya, watu watatu wamekuwa mmoja. Utaratibu wa majina matatu unaotumiwa na serikali ni mzuri kwa wageni wasiojuana, lakini ndani ya ukoo mmoja unafeli mahali unapohitajika zaidi.

Chanzo cha pili ni dini. Uislamu uliingia kwa njia ya misafara ya bonde la Mkomazi na mji wa Mazinde. Ukristo ulitokea Magila kwa Waanglikana na Mlalo kwa Walutheri. Kila dini ilikuja na hazina ndogo ya majina. Athumani, Shabani, Ramadhani na Salimu kwa upande mmoja. Yohana, Petro, Elia na Danieli kwa upande wa pili. Majina ya Kishambaa hayakufutika. Yalibaki nyumbani, na jina la dini likatembea nje. Kwa hiyo mtafiti ana matatizo mawili yanayovutana: watu wengi wenye jina moja, na mtu mmoja mwenye majina mengi. Wengi hujihadhari na la kwanza na kusahau la pili.

Halafu kuna majina yanayoanza na She-, alama ya Mshambaa popote aendapo. Asili yake ni heshima ya ubaba, mtu kuitwa kwa kitu au mtoto anayehusishwa naye. Leo ni majina ya ukoo yanayorithiwa bila kubadilika. Tofauti hiyo ina uzito. Mtu wa She- kwenye karatasi ya mwaka 1905 huenda aliitwa hivyo yeye peke yake, na watoto wake wakaitwa vingine. Kumuunganisha na ukoo wa leo kwa sababu ya silabi hizo ni haraka. Vyeo navyo vimegeuka majina: zumbe alikuwa mtawala wa eneo na mlugu alikuwa mtu wa baraza lake, na anayekutana na neno "Zumbe" kwenye daftari la zamani lazima ajiulize kama anasoma cheo au jina.

Karani anafunga orodha. Mjerumani aliiandika Vugha, makao ya wafalme wa Washambaa, kuwa Wuga, Mwingereza Burton aliiita Fuga, na Washambaa wenyewe wakawa Schambala, kwa l ambayo wasemaji wengi wa leo hawaitamki. Sauti ya gh mara iliandikwa g, mara iliachwa. Kodi ya nyumba ilianza kutozwa mwaka 1898, na mwaka 1907 wilaya ya Wilhelmstal, yaani Lushoto ya leo, ikaanzisha kipande: kila mwanamume aliyeweza kazi alitakiwa kumfanyia mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, la sivyo akapelekwa kazi za serikali. Aliyesimama mbele ya karani siku hiyo hakuwa na sababu ya kumsaidia aandike jina kamili na sahihi. Kumbukumbu zilizotokana na kodi na kazi ya lazima zilitoka kwa watu waliotamani kutoonekana, na hilo halipaswi kusahauliwa na anayezisoma kana kwamba ni sajili ya ukoo.

Kimweri watatu, Kinyashi wawili

Hakuna mahali pazuri pa kuona tatizo hili likifanya kazi kuliko katika nasaba ya Wakilindi, kwa sababu hapo angalau tarehe zipo.

Kimweri ye Nyumbai ndiye mfalme maarufu, Simba Mwene aliyeitawala milima na kuufikisha mkono wake mpaka pwani. Mmisionari Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848, akarudi 1852. Richard Burton na John Speke walifika Vugha mwaka 1857. Kimweri alifariki mwaka 1862. Aliyerithi kiti ni mjukuu wake Shekulwavu, lakini Semboja wa Mazinde, mwana wa marehemu mfalme, hakukubali. Alikuwa na bunduki na alikuwa jirani wa njia ya misafara. Miaka michache baadaye Vugha ilichomwa, Shekulwavu akafa, na Semboja, aliyependa kubaki Mazinde karibu na biashara, akamweka mwanawe Vugha. Jina la mwana huyo: Kimweri. Kimweri Maguvu, mjukuu aliyebeba jina la babu yake kwa desturi ile ile ya akina Rajabu.

Sasa chukua barua ya Mjerumani ya mwaka 1890 inayomtaja "Kimweri". Haiwezi kuwa Nyumbai, maana alikuwa kaburini miaka 28. Ni Maguvu, aliyefariki 1893. Chukua shajara ya Krapf inayomtaja "Kmeri", au kitabu cha Burton kinachomtaja "Kimwere": ni Nyumbai bila ubishi. Lakini wageni hao hawaandiki "ye Nyumbai". Lakabu hizo zimehifadhiwa na simulizi za wenyeji. Karatasi ina tarehe bila lakabu. Simulizi ina lakabu bila tarehe. Anayetumia upande mmoja peke yake atawachanganya babu na mjukuu, na wengi wamewachanganya.

Kinyashi ni mtego wa kinyume. Wajerumani walimnyonga Mputa, wa upande wa Semboja, mwaka 1895, wakamsimika Kinyashi, mwana wa Shekulwavu. Kinyashi alijiuzulu mwaka 1902 hivi. Jina hilo linaibuka tena kwenye nyaraka za Waingereza katikati ya miaka ya 1920, walipoanzisha utawala wa kupitia machifu na kumtafuta mtu wa damu ya kifalme. Msomaji wa haraka angedhani huyu ni mwana au mjukuu aliyepewa jina la baba. Ni yule yule, amerudi akiwa mzee. Wakati huohuo kuna Kinyashi wa kale kabisa, aliyetawala kabla ya Kimweri ye Nyumbai, ambaye si huyu kwa vyovyote. Kwa hiyo Kinyashi wa 1896 na wa 1927 ni mtu mmoja, na Kinyashi wa simulizi za kale ni mwingine. Mfalme wa mwisho kabla uchifu haujafutwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, Kimweri Mputa Magogo, alibeba ndani ya jina lake mwenyewe watangulizi kadhaa wa nasaba hiyo. Kwa mpekuzi wa faharasa, mtu mmoja kama huyo anatokea chini ya herufi mbili.

Ikiwa wafalme, waliotembelewa na wageni, kuandikiwa barua na kutungiwa historia, wanachanganywa hivi, mkulima wa kawaida wa Mtae ana nafasi gani?

Swali hili linaongoza kwenye kishawishi kikubwa cha watafuta ukoo: kudai uzao wa Kimweri. Dai si la kipuuzi. Wafalme wa Vugha walioa wake wengi kutoka vijiji vingi, na watoto wa kiume walitumwa kutawala kwenye vijiji vya mama zao, karibu na wajomba zao. Damu ya Kilindi ilisambazwa makusudi kama njia ya kutawala. Lakini sababu hiyo hiyo inalifanya jina lisiwe ushahidi. Palipokuwa na mtawala wa Kilindi, palikuwa pia na raia waliowaita watoto wao kwa jina lake. Kati ya watu wanaoitwa Kimweri, jina linakwambia nani aliheshimiwa. Nani alimzaa nani ni habari nyingine.

Wanaosema: waulizeni wazee

Msimamo wa kwanza ni kwamba ukoo ni mali ya wazee, na karatasi za mkoloni hazina la kuwafundisha. Nguvu ya msimamo huu ni kubwa kuliko wasomi wengi wanavyokubali. Mzee wa ukoo hatofautishi watu kwa jina. Anawatofautisha kwa nyumba ya mama: Rajabu wa mke mkubwa, Rajabu wa yule mama aliyetoka Mlola. Katika ndoa za wake wengi kila mke alikuwa na mashamba yake ambayo wanawe waliyarithi, kwa hiyo kumbukumbu ya mama ilifungwa na kumbukumbu ya ardhi, na mtu alikuwa na faida ya kuikumbuka sawasawa. Wanatofautisha pia kwa kilima, kwa utani, kwa kilema, kwa kazi. Hakuna rejesta ya serikali yenye safu za namna hiyo. Na kwenye tambiko, ambako marehemu hutajwa kwa mpangilio, kosa husahihishwa hadharani.

Udhaifu wake unaonekana ukianza kuhesabu. Simulizi hubana vizazi: akina Rajabu wawili, babu na mjukuu, hukutana wakawa mtu mmoja mwenye maisha marefu kuliko binadamu. Kipimo chake ni rahisi. Mtu aliyekuwa na miaka 10 Kimweri alipokufa mwaka 1862 alikuwa na miaka 53 reli ilipofika Mombo mwaka 1905, na miaka 62 vita ilipoanza 1914. Babu anayesemwa alishuhudia mazishi ya Kimweri na kujenga reli anawezekana kwa shida. Ukiambiwa pia alibeba mizigo ya jeshi kwenye vita ile, na baadaye akakataa kulima matuta ya kuzuia mmomonyoko yaliyoagizwa na Mwingereza kule Mlalo mwaka 1946, hapo una watu wawili waliogandana, na kazi yako ni kutafuta mshono.

Udhaifu wa pili ni masilahi. Mzee anayehojiwa wakati kesi iko mahakamani ni shahidi wa upande mmoja hata kama ni mkweli. Koo zilizohamia hufuta safari, na zilizobaki hufuta wageni waliowapokea wakawa ndugu. Steven Feierman, mwanahistoria Mmarekani aliyekusanya simulizi milimani miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake juu ya dola ya Washambaa mwaka 1974, alifaulu kwa sababu alisikiliza vijiji vingi na kulinganisha, hasa vijiji vilivyokuwa pande tofauti za vita ya Semboja. Familia nyingi humsikiliza mzee mmoja, tena wao wenyewe ndio waliomchagua.

Wanaosema: lete karatasi

Msimamo wa pili, unaopendwa na maofisa na mawakili, unadai maandishi. Hapa panahitaji kutenganisha, kwa sababu karatasi si za aina moja.

Bora kuliko zote kwa mtafuta mababu ni vitabu vya ubatizo. Misheni ya Bethel ilifungua kituo Mlalo mwaka 1891, ikakiita Hohenfriedeberg, kisha ikasambaa Mtae, Vugha, Bumbuli na Lutindi. Wakatoliki walijenga Gare miaka ya 1890. Waanglikana walikuwa Magila tangu mapema zaidi. Kitabu cha ubatizo kwa kawaida kina tarehe, kijiji, wazazi na wasimamizi, na kwa watu wazima wa kizazi cha kwanza mara nyingi kina jina la kale kando ya jina jipya. Safu hiyo ya jina la kale ina thamani isiyopatikana penginepo: ni daraja la pekee lililoandikwa kati ya Elia wa kanisani na yule kijana wa Kishambaa ambaye bibi yake hakuwahi kumwita Elia. Wasimamizi nao wanasaidia, maana kwa kawaida walikuwa ndugu au majirani. Elia wawili wa kijiji kimoja hawana wasimamizi wale wale.

Vitabu hivi viko kwenye sharika na parokia, vingine vimechakaa. Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT ina makao yake Lushoto, na huko ndiko Mlutheri anapaswa kuanzia kuuliza. Barua na taarifa za wamisionari wa Bethel ziko Wuppertal, Ujerumani, na za Waanglikana ziko Oxford. Udhaifu ni bayana. Wakazi wengi wa Lushoto ni Waislamu, na babu zao hawamo humo. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa katika vita zote mbili kuu, na uandishi uliyumba. Nasaba ya Kiislamu ina faida yake, ile "bin" inayoweza kuunganisha vizazi vitatu au vinne kwa pumzi moja, lakini ndoa na mazishi ya vijijini hayakuandikwa kwa wingi uleule.

Daftari za kodi zina sifa ya kuwa na tarehe na eneo, na kasoro ya kuhesabu nyumba na wanaume. Mwanamke hayupo, mtoto hayupo. Sensa hazisaidii kabisa kwa jambo hili: sensa ya kwanza kamili ya Waafrika wa Tanganyika ilifanyika mwaka 1948, na kilichochapishwa ni idadi, si majina. Vyeti vya kuzaliwa vinawahadaa wengi. Sheria ya vizazi na vifo ya mwaka 1920 haikumlazimisha Mwafrika wa kijijini kuandikisha mtoto, kwa hiyo cheti cha mtu aliyezaliwa Bumbuli mwaka 1935 kwa kawaida kilitolewa miongo mingi baadaye kwa msingi wa hati ya kiapo. Cheti kama hicho ni ushahidi wa mdomo uliopigwa mhuri. Kina nguvu ya kisheria, lakini kwa mtafiti kina umri wa siku kilipotolewa.

Kuna kitabu kimoja kinachosimama katikati ya kambi hizi mbili: *Habari za Wakilindi* cha Abdallah bin Hemedi, kilichochapwa kwa sehemu na misheni ya Waanglikana huko Msalabani karibu na mwanzo wa karne ya 20 na kutolewa upya mwaka 1962 kwa uhariri wa J.W.T. Allen. Ni simulizi za mdomo zilizoandikwa kwa Kiswahili na mtu aliyewahi kumtumikia Semboja. Kinataja nani alipewa kijiji gani, na mara nyingi mama yake alitoka wapi, kiasi kwamba kinafaa kutenganisha watu wenye jina moja. Lakini kina macho ya upande wa Semboja, na Mshambaa wa kawaida anaonekana humo kama mfuasi tu. Wanaokinukuu mahakamani au kwenye vikao vya ukoo wangetakiwa kukisoma kwa tahadhari ileile wanayompa mzee yeyote.

Wanaosema: kapimeni damu

Msimamo wa tatu ni mpya na unavuma: vinasaba vitamaliza ubishi. Havitamaliza. Kipimo cha ukoo wa kiume kinaweza kuonyesha kwamba wanaume wa familia mbili wana babu mmoja wa upande wa baba, na hilo ni kubwa, maana linaweza kuvunja dai la uongo kabisa. Ila hakisemi babu huyo aliitwa nani wala aliishi lini kwa uhakika wa kizazi, na hakiwezi kutenganisha ndugu wawili wa baba mmoja, ambao ndio hasa wenye wajukuu wa jina moja. Kinaweza pia kufunua siri ambayo familia haikuiomba. Nchini vipimo vinasimamiwa na sheria ya mwaka 2009 chini ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa mirathi ya mtu aliyekufa juzi vina kazi. Kwa Rajabu wa 1938 vina kazi ndogo.

Ayalandi walivyokwama

Ugumu huu si wa milima yetu peke yake. Waayalandi nao walikuwa na desturi ya kumpa mwana wa kwanza jina la baba wa baba, na majina machache ya watakatifu kwa kila mtu, hivyo parokia moja inaweza kuwa na John Murphy kumi. Kisha mwaka 1922, katika vita ya wenyewe kwa wenyewe, ofisi ya nyaraka ya Dublin ililipuka na kuungua, na mabaki ya sensa za 1821 hadi 1851 yakateketea karibu yote. Zile za 1861 hadi 1891 serikali ilikwisha kuziharibu yenyewe. Sensa kamili za kale walizobaki nazo ni za 1901 na 1911.

Wazao wao walioko Marekani na Australia walilazimika kuacha kutafuta jina. Wanatumia kitabu cha tathmini ya ardhi, kilichoandaliwa kati ya 1847 na 1864, kinachomweka kila mpangaji kwenye kijieneo chake, na vitabu vya ubatizo vya Kikatoliki ambavyo mara nyingi viliandika mama kwa jina la kwao. John Murphy kumi wanapungua haraka ukijua mke ni nani na shamba liko wapi. Kwa maneno mengine, wenye maandishi mengi kuliko sisi waliishia kwenye vigezo ambavyo mzee wa Kishambaa alikuwa navyo tangu mwanzo: mama na mahali.

Uzani

Kila msimamo una gharama zake, na gharama hazimwangukii mtu mmoja. Ukidai karatasi tupu, unawanyima haki wajane, mabinti na koo za Kiislamu ambazo hazikuandikwa, na unampendelea mwenye babu karani, mwalimu au mtawala. Ukikubali simulizi tupu, unampa ushindi mwenye wazee wengi walio hai na sauti kubwa. Ukingojea maabara, maskini hayumo.

Mwelekeo wangu ni kuunga mkono simulizi iliyobanwa na karatasi, kwa mpangilio maalumu. Kwanza mahali, hadi ngazi ya kitongoji na shamba lenye majirani wanaojulikana, kwa sababu ardhi ya mlimani ni finyu na haikuwahi kukosa mtu wa kuikumbuka. Pili mama, na kwao. Tatu tarehe, hata ya kukadiria, kwa kulinganisha na matukio yanayojulikana: kufa kwa Kimweri, kunyongwa kwa Mputa, reli, vita, matuta. Jina liwe la nne. Familia nyingi huanza na la nne na kuishia hapo hapo.

Kiwango cha uthibitisho nacho kifuate lengo. Kwa shamba lenye kesi, mikondo miwili isiyotegemeana lazima ikutane: mzee asiye na sehemu katika mirathi na kitabu cha ubatizo, au daftari la kodi na mpaka unaotambuliwa na majirani wa pande zote. Hati ya kiapo iliyoandikwa kwa maneno ya mzee huyo huyo haihesabiwi kuwa mkondo wa pili. Kwa mti wa ukoo wa kutundika sebuleni, mkondo mmoja unatosha, mradi karibu na jina liandikwe wazi kwamba halijathibitika. Na wanaomtafuta Kimweri waseme ni yupi. Wakishindwa kumtaja mama aliyewaunganisha naye na kijiji alichotoka, dai hilo libaki simulizi ya familia.

Kwa mababu waliokwisha kufa tutaendelea kubahatisha kwa sehemu. Kwa wanaokufa sasa hakuna udhuru. Mirathi inayofunguliwa mahakama ya mwanzo kwa kawaida huanza na kikao cha ukoo, na kikao huandika muhtasari. Mihtasari mingi hutaja marehemu, watoto na msimamizi aliyependekezwa, kisha sahihi. Ongezeni mistari mitatu: mama wa marehemu na kwao, kitongoji alichozaliwa, na majirani wa mipaka ya shamba lake. Kisha toeni nakala, moja ikae kwa mtendaji wa kijiji na nyingine msikitini au kanisani.